Fimbo ya Mita 1.3

Fimbo yenyewe haina makuu. Ni mti mnyoofu uliokatwa kwa urefu wa mita 1.3, ukaegemezwa kwenye shina ili mpimaji ajue utepe upite wapi. Wataalamu wa misitu wanapaita mahali hapo usawa wa kifua, na unene wa miti iliyosimama hupimwa hapo, iwe ni misindano ya Meru au miombo ya Tabora.

Katika msitu wa mafunzo wa Kitulangalo, kiasi cha kilomita 50 mashariki ya mji wa Morogoro, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) hujifunza kazi hiyo vikundi kwa vikundi. Mmoja anashika fimbo, wa pili anazungusha utepe, wa tatu anaandika, na bahati ikiwapo, kuna mzee wa kijiji jirani anayetaja majina: huu mhondolo, ule myombo, ule pale mninga. Kazi inaonekana nyepesi mpaka mti unapokataa kunyooka. Uliosimama mtelemkoni hupimwa kutoka upande wa juu. Uliogawanyika panda chini ya usawa wa kifua huhesabiwa kuwa miti miwili. Uliogawanyika juu yake ni mmoja. Penye nundu au kovu la moto utepe husogezwa, na sababu ikaandikwa. Utepe ukilala upande, au ukipita juu ya mmea uliojisokota kwenye shina, kipimo kimeharibika.

Kwa nini kusumbuka hivyo? Mti wenye kipenyo cha sentimita 30 ukiandikwa 33, kosa ni asilimia 10 tu. Lakini eneo la mkato wa shina hukua kwa mraba wa kipenyo, kwa hiyo hesabu ya eneo hilo, ambayo juu yake hujengwa hesabu ya mbao, ya kuni na ya kaboni, imeshavimba kwa asilimia 21. Kosa hilo likirudiwa kwenye kila mti wa ploti, na kwenye ploti za wilaya nzima, msitu ulio karatasini unakuwa mkubwa kuliko ulio ardhini. Hapo ndipo vibali vya kuvuna vinapotolewa kwa miti isiyokuwepo.

Watu wengi hudhani kwamba anayekwenda kusomea maliasili na uhifadhi chuo kikuu anakwenda kujifunza kupenda wanyama na miti. Mapenzi hayo wengi huja nayo kutoka nyumbani, na ni mtaji mzuri. Kinachoongezwa na chuo ni mambo mawili yasiyovutia sana kwenye picha: kupima, na kusikiliza watu. Mhitimu aliyekosa mojawapo huwa mzigo kwa msitu anaokabidhiwa.

Vijijini mtaalamu wa namna hii alikuwa na jina lake zamani. Aliyesimamia misitu aliitwa bwana miti, aliyesimamia wanyamapori aliitwa bwana nyama, na majina yote mawili yalibeba hofu kidogo, kwa sababu ujio wao mara nyingi ulimaanisha faini au kunyang'anywa shoka. Mpaka leo mzazi akisikia mtoto wake aliyefaulu vizuri mchepuo wa PCB au CBG amechagua shahada ya usimamizi wa wanyamapori, swali la kwanza huwa: ndiyo kusema unakwenda kuwa askari wa porini? Swali ni la haki. Jibu lake linahitaji historia kidogo.

Mnamo Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko kuhusu wanyamapori katika mkutano uliofanyika Arusha. Linajulikana kama Ilani ya Arusha, na lisichanganywe na Azimio la Arusha la 1967. Pamoja na kuahidi kwamba serikali mpya ingewalinda wanyama, tamko lile lilisema wazi kuwa kazi hiyo inadai utaalamu, fedha na watu waliofunzwa. Miaka miwili baadaye, 1963, chuo cha Mweka kikafunguliwa kwenye miteremko ya Kilimanjaro ili kuwafunza Waafrika waliokuwa wanachukua nafasi za wahifadhi wa kikoloni, na tangu hapo kimepokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za bara hili. Huko Morogoro, masomo ya misitu ya ngazi ya shahada yalianza katika miaka ya 1970 chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1984 kampasi hiyo ikawa chuo kikuu kamili, ikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki Aprili ya mwaka huohuo kwa ajali ya gari katika mkoa wa Morogoro.

SUA ina utajiri ambao vyuo vingi vingeutamani: misitu ya kufundishia iliyo yake. Kitulangalo ni miombo, misitu mikavu inayopukutisha majani kiangazi. Olmotonyi, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ni mashamba ya miti ya kupandwa, ambako mwanafunzi hujifunza kupogoa, kupunguzia miti na kupasua mbao. Mazumbai, huko Usambara Magharibi, ni msitu wa mvua wa milimani ambao mwenye shamba la chai aliutoa kwa chuo kikuu katika miaka ya 1960. Hekta zake hazifiki 400, lakini ni miongoni mwa mabaki yaliyohifadhika vizuri zaidi ya misitu ya Usambara. Mwanafunzi aliyepita mahali pote patatu ameona kwa macho yake kwamba neno "msitu" lina maana zaidi ya moja, na kwamba sheria inayofaa mahali pamoja inaweza kuua mahali pengine.

Vipimo vya Kitulangalo haviishii Kitulangalo. Kuanzia 2009 Tanzania Bara ilifanya tathmini ya kwanza ya rasilimali za misitu kwa nchi nzima, inayofahamika kwa kifupi cha NAFORMA. Wapimaji walitembea kutoka mikoko ya pwani mpaka misitu ya magharibi, wakichora ardhini maduara yenye nusukipenyo cha mita 15 na kupima miti iliyokuwa ndani yake, kwa usawa uleule wa kifua. Matokeo yalionyesha hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya eneo la nchi kavu, na sehemu kubwa mno ni miombo. Bila takwimu ile serikali ilikuwa inaongoza kwa kukisia.

Siku hizi kuna mnunuzi mwingine wa hesabu hizo. Takriban nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni, na kila tani ya kaboni inayobaki mtini ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa ambayo haijapanda angani. Katika bonde la Yaeda, mkoani Manyara, Wahadzabe wamekuwa wakilipwa kwa kuyatunza mapori wanamoishi na kuwindia, kwa mkataba wa biashara ya kaboni. Malipo ya aina hiyo yanategemea hesabu ya hewa ukaa iliyookolewa, na hesabu hiyo inategemea mtu fulani kuwa amezungusha utepe sawasawa. Kipimo kikiwa cha uongo, wanaodhulumiwa ni ama Wahadzabe au mnunuzi, na biashara yenyewe haitadumu.

Kwa wanyama kupima ni kugumu zaidi, maana mti haukimbii. Sensa ya tembo hufanywa kwa ndege ndogo inayoruka kwa mistari iliyonyooka, zaidi kidogo ya mita 100 juu ya ardhi. Kwenye nguzo za mabawa hufungwa alama zinazoonyesha upana wa ukanda wa kuhesabia, na waangalizi wawili, mmoja kila upande, huhesabu waliomo ndani ya ukanda tu. Kundi likiwa kubwa hupigwa picha, likahesabiwa upya mezani. Kisha hesabu ya kanda hizo hupanuliwa kitakwimu kuwa makadirio ya eneo zima. Ni kazi ya kuchosha macho na tumbo. Lakini ndiyo iliyoifanya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI) iweze kusema jambo ambalo hakuna aliyetaka kulisikia: tembo waliokadiriwa kuwa 109,051 mwaka 2009 walikuwa 43,330 mwaka 2014. Zaidi ya nusu walikuwa wametoweka kwa miaka mitano. Askari wa doria walikuwa wakiona mizoga, wanavijiji walikuwa wakisikia risasi, lakini ni takwimu hiyo iliyozima ubishi kuhusu ukubwa wa ujangili.

Katika kampasi ya SUA kuna wapimaji wa aina nyingine kabisa. Shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku huko Morogoro tangu 2000, kwanza kunusa mabomu ya kutegwa ardhini, baadaye kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Hivi karibuni panya hao wamefundishwa kunusa magamba ya kakakuona, meno ya tembo, pembe za faru na mbao za mpingo. Panya anavalishwa kizibao chekundu chenye kitufe cha duara kifuani. Akinusa kitu anachokitafuta, anakivuta kitufe kwa mikono yake midogo na mlio unasikika. Wamejaribiwa katika bandari ya Dar es Salaam, mahali ambapo kontena moja linaweza kuficha msitu mzima chini ya magunia ya bidhaa nyingine.

Panya akishapiga mlio, kazi inarudi kwa binadamu. Mahakama haitamhoji panya. Anahitajika mtu wa kukata kipande cha ule mti kwa wembe, kukilowesha, kukitazama kwa lenzi upande wa mkato, na kueleza kwa mpangilio wa matundu na mistari yake kwamba huu ni mpingo na si mti mwingine uliopakwa rangi nyeusi. Huo ndio utaalamu wa anatomia ya mbao, somo ambalo wanafunzi wengi wa misitu hulilalamikia kwa kuwa linawaweka kwenye maabara badala ya porini. Mpingo huchukua miongo saba au zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Saa chache za lenzi si bei kubwa.

Kipimo kinaweza kuja kimechelewa, na hakuna kisa kinachofundisha jambo hilo kwa uchungu kuliko cha chura wa Kihansi.

Mto Kihansi huanguka kutoka safu ya Udzungwa kwa maporomoko ambayo zamani yalirusha manyunyu mchana na usiku. Kwenye manyunyu hayo, katika eneo la hekta chache tu la majani mafupi yaliyolowa, aliishi chura wa rangi ya dhahabu asiyefika sentimita 3 kwa urefu. Hatagi mayai majini kama wengine. Huzaa vitoto vilivyokamilika, kila kimoja kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Hakuna mahali pengine duniani alipopatikana. Wanasayansi walimgundua mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la kufua umeme ulikuwa tayari unaendelea juu ya maporomoko hayo.

Nchi ilihitaji umeme, na mtambo wa Kihansi, wenye uwezo wa megawati 180, ulikuwa nguzo ya gridi ya taifa. Ulipowashwa, takriban asilimia 90 ya maji yaliacha njia yake ya zamani, na manyunyu yakakoma. Mwishoni mwa 2000 vyura 499 walikusanywa na kupelekwa kwenye bustani za wanyama za Marekani ili mbegu isipotee. Bondeni yalitandazwa mabomba yenye vichwa vya kunyunyiza maji, kama yale ya bustani ya maua, ili kuiga maporomoko. Kwa muda ilionekana kuwa imewezekana. Vyura wakaongezeka tena mpaka maelfu. Mwaka 2003 idadi yao ikaporomoka ghafla, na kuvu inayoshambulia ngozi za vyura ikaonekana bondeni. Mwaka 2009 ilitangazwa rasmi kuwa chura wa Kihansi ametoweka porini.

Wale waliopelekwa ng'ambo hawakufanya vizuri mwanzoni. Wengi walikufa. Watunzaji walilazimika kujifunza upya kila kitu: mwanga gani, unyevu gani, wadudu wa ukubwa gani kwa mnyama asiyejaza kijiko. Walipojua, vyura wakazaa. Mwaka 2010 kundi la kwanza lilirudishwa nchini na kutunzwa katika maabara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kuanzia 2012 wakaanza kurudishwa bondeni Kihansi.

Mwanafunzi akisomeshwa kisa hiki, hupenda sana mwisho wake. Ni kweli unastahili kupendwa, maana ni mara chache mno duniani kwa chura aliyetoweka porini kurudishwa kwao. Lakini sehemu ya kukaa nayo ni ile tarehe: 1996. Utafiti wa viumbe ungefanyika kabla ya kuchora mtambo, ingewezekana kupanga tangu mwanzo maji kiasi gani yaachwe yaanguke. Ulipofanyika ujenzi ukiendelea, kila suluhisho lilikuwa kiraka cha gharama. Ndiyo sababu mafunzo ya tathmini ya athari kwa mazingira yamepewa uzito mkubwa katika shahada hizi, ingawa kwa wengi yanasikika kama kujaza fomu.

Huko Rungwe mambo yalikwenda kinyume, na kilichosaidia kilikuwa masikio. Watafiti waliokuwa wakichunguza misitu ya kusini walisikia kwa Wanyakyusa habari za kima mwenye haya aitwaye kipunji. Hakuwemo kwenye kitabu chochote cha sayansi. Ingekuwa rahisi kumhesabu miongoni mwa viumbe vya hadithi. Walimfuatilia, na mwishoni mwa 2003 wakamwona: mwenye nywele za kahawia, mashavu yenye manyoya marefu na sauti kama ya kubweka. Mwaka 2005 akatangazwa kwa dunia, na mwaka uliofuata ikathibitika kwamba hakuwa spishi mpya tu. Alistahili jenasi yake mwenyewe, jambo ambalo kwa kima wa Afrika lilikuwa halijatokea tangu 1923. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimjua siku zote.

Hapo ndipo linapoingia somo la pili, lile la kusikiliza. Katika ratiba za vyuo huandikwa kwa majina mazito: sosholojia ya maliasili, usimamizi shirikishi, sera na sheria. Wanafunzi waliokuja na ndoto za simba hulivumilia. Lakini asilimia kubwa ya siku za kazi za mhitimu zitapita kwenye benchi chini ya mwembe, mbele ya halmashauri ya kijiji, na si kwenye gari lililofunguliwa paa.

Duru-Haitemba, wilayani Babati, ni mfano ambao mwanafunzi wa misitu nchini hapaswi kuukosa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilikuwa katika mchakato wa kuifanya miombo ya huko kuwa hifadhi yake. Wanavijiji walipoona mipaka inapimwa, wakaelewa kwamba msitu unakwenda, na wengi wakaharakisha kukata kabla ya kufungiwa. Mpango wa kulinda msitu ulikuwa unaumaliza. Maofisa wachache walifanya jambo lisilokuwa la kawaida wakati huo: wakakaa na vijiji na kuuliza, ninyi mkiachiwa, mtaulindaje? Vijiji vinane vikaweka sheria zao ndogo, vikateua walinzi kutoka miongoni mwa vijana wao, vikapanga maeneo ya kuchungia na ya kufunga. Ukataji ukapungua na msitu ukaanza kurudi. Uzoefu wa Babati uliingia kwenye Sera ya Misitu ya 1998, kisha kwenye Sheria ya Misitu ya 2002, inayokipa kijiji haki ya kuwa na msitu wake wa hifadhi na kuvuna mapato yake.

Kusikiliza kuna sura ngumu pia. Tembo akila shamba la mahindi usiku mmoja, familia imepoteza mwaka. Sheria ya Tanzania inayo malipo kwa ajili hiyo, na lugha imeyapa majina yanayosema ukweli: kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Hayaitwi fidia, kwa kuwa hayafidii. Kiwango cha kifuta jasho hutegemea ekari zilizoharibiwa na umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, kwa hiyo ofisa wanyamapori wa wilaya anayefika asubuhi anatakiwa afanye mambo mawili kwa pamoja: apime kwa haki mbele ya mama anayelia, na amsikilize bila kumkimbilia na kanuni. Hakuna mtihani wa darasani unaopima hilo.

Wapo waliotafuta njia ya kumzuia tembo asifike kabisa. Kule Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki nchini Kenya, mashamba yamezungushiwa mizinga ya nyuki iliyounganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga inayumba na nyuki wanatoka. Utafiti ulithibitisha kwamba tembo huwakwepa nyuki, na mkulima anabaki na asali juu. Uzio huo si dawa ya kila mahali, maana nyuki huhama ukame ukizidi, lakini ulizaliwa na mtu aliyechukua uzoefu wa wenyeji na kuuwekea vipimo.

Mhitimu anayeajiriwa leo na taasisi za serikali za hifadhi na misitu, kama TANAPA, TAWA, TFS au Mamlaka ya Ngorongoro, anaingia katika Jeshi la Uhifadhi, lenye vyeo na sare, na wengi hupitia kambi ya mafunzo ya Mlele, Katavi. Ujangili wa muongo uliopita ulionyesha kwa nini nidhamu ile inahitajika. Hatari yake ni kwamba sare hufundisha kuamuru haraka kuliko darasa linavyofundisha kusikiliza, na mwanakijiji akiona magwanda humkumbuka bwana nyama wa zamani. Vyuo vina wajibu wa kuhakikisha kijana anapofika Mlele tayari anajua kuendesha mkutano wa kijiji. Asipojua kabla, nafasi ya kujifunza baadaye ni finyu.

Na hilo linategemea mafunzo kwa vitendo, ambayo wanafunzi huyaita fildi kwa mkato. Ni ghali: basi, posho, mahema, chakula, utepe, GPS. Bajeti inapobana, siku za porini ndizo rahisi kupunguza, kwa sababu mtihani wa maandishi utafanyika vilevile na cheti kitatoka vilevile. Ni hasara kubwa. Mwanafunzi anaweza kukariri mlinganyo wa ujazo wa mti bila kuwahi kusikia harufu ya mninga uliokatwa, na akapata daraja la kwanza. Wiki mbili za Mazumbai zina thamani kuliko muhula mzima wa slaidi, na anayepanga bajeti ya chuo angefanya vizuri kuanza na wiki hizo mbili.

Kama kuna mahali ambapo kupima na kusikiliza vimeshikana mikono, ni kwenye mkaa wa Kilosa.

Mkaa umetukanwa sana, na watu wa mijini wanaoutumia ndio wanaoutukana zaidi. Kuanzia 2012 mradi mmoja uliowashirikisha wanavijiji wa Kilosa, mkoani Morogoro, ulianza na swali ambalo watafiti wa miombo wamelishughulikia kwa miaka: mti wa miombo ukikatwa, unakufa? Jibu lililojulikana tangu Kitulangalo ni kwamba wengi hawafi. Kisiki huchipua, mizizi huchipua. Kinachomaliza miombo ni yale yanayofuata baada ya shoka, hasa visiki viking'olewa ili palimwe, na moto wa kila mwaka unaounguza machipukizi kabla hayajawa miti.

Kwa hiyo kila kijiji kilitenga sehemu ndogo ya msitu wake kwa ajili ya mkaa, na sehemu hiyo ikagawanywa kuwa vitalu vya mita 50 kwa 50. Vitalu havikatwi kwa kufuatana. Hukatwa kama ubao wa drafti, kimoja kinavunwa na kinachopakana nacho kinaachwa, ili mbegu na kivuli viwe karibu. Mninga na miti mingine ya mbao haiguswi, wala miti ya kandokando ya mito na kwenye miteremko mikali. Shina hukatwa likiacha kisiki kirefu kiasi cha kuweza kuchipua. Magogo hupangwa, hufunikwa kwa majani na udongo kuwa tanuri, na mchoma mkaa hulilinda mchana na usiku akiziba kila ufa unaotoa moshi. Ushuru huingia kwenye mfuko wa kijiji, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoamua: darasa, zahanati, au posho ya walinzi wa msitu.

Mzunguko umepangwa kuwa miaka 24. Kitalu kilichokatwa mwaka 2014 zamu yake ya pili itafika 2038. Katikati ya hapo mtu lazima awe anarudi mara kwa mara, na fimbo na utepe, kuangalia kama machipukizi yanafuata hesabu iliyowekwa: mangapi yamebaki kwa kisiki, yamefikia unene gani, moto ulipita mara ngapi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa leo, mwenye umri wa miaka 20, atakuwa amevuka 30 mkutano wa kijiji utakapomwita aseme kama kitalu kiko tayari. Wazee waliopiga kura mwaka ule wa kwanza, baadhi hawatakuwepo. Daftari la vipimo litakuwepo, likiwa limetunzwa.